Wiki za Mwisho za Ujauzito: Wajibu wa Familia na Jumuiya

Injili ya Luka yatueleza kwamba Bikira Maria alipopashwa habari na Malaika Gabrieli, Elizabeti alikuwa katika mwezi wa sita, na kwamba Maria alikaa naye yapata miezi mitatu (Lk 1:36, 56). Basi, alimhudumia jamaa yake katika kipindi ambacho mama mjamzito hulemewa zaidi. Familia na Jumuiya zetu Ndogondogo zinaitwa kufanya vivyo hivyo.

Ujauzito hukadiriwa kuwa wiki 40, lakini kuanzia wiki ya 37 mama na awe tayari wakati wowote. Mtoto anaposhuka nyongani, mama hupumua kwa nafuu, ila hukojoa mara kwa mara na usingizi humpungua. Tumbo laweza kukaza na kuachia bila mpangilio; huo bado si uchungu. Uchungu wa kweli huja kwa vipindi, ukizidi nguvu na kukaribiana. Hapo, au chupa ikipasuka, aende kituo cha afya.

Kutokwa damu, kuumwa kichwa sana, kuona ukungu, kuvimba uso na mikono ghafla, degedege, homa kali, au mtoto kupunguza kucheza ni dalili za hatari. Mama asisubiri kupambazuke, wala ruhusa ya mume aliye safarini, wala mwisho wa novena. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chatufundisha kumwomba Mungu tuwapo wagonjwa, na papo hapo kumpa tabibu nafasi yake. Sala na hospitali havipingani.

Mume aandae mapema nauli, usafiri, kadi ya kliniki na mtu wa kuchangia damu ikihitajika. Jumuiya nayo iulize: nani atamsindikiza usiku? Nani atabaki na watoto?

Mama Kanisa anayo baraka kwa mama anayekaribia kujifungua. Mwombeni paroko wenu. Mama aliye katika hatari kwa sababu ya ugonjwa aweza kupokea Mpako wa Wagonjwa. Na mtoto akizaliwa katika hatari ya kufa, mtu yeyote mwenye nia njema aweza kumbatiza (Kanuni 861): ammiminie maji kichwani akisema, “Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.” Kisha paroko aarifiwe.

Tuulinde uhai kwa sala, na kwa maandalizi yanayotangulia uchungu.