Kosa 43 kwenye mashine pepe: kadi yako haijafa, usikimbilie kununua nyingine

Wadau, leo naongea na wale wenye kompyuta moja inayofanya kazi mbili. Linux inashika oda, stoo na risiti kutwa nzima, halafu ndani yake umeweka mashine pepe yenye Windows ya kuhariria video za bidhaa. Najua mpo, maana inbox yangu imejaa nyie.

Mashine pepe ni kompyuta ndani ya kompyuta, na kwa kawaida haiioni kadi yako ya grafiki. Inapewa kadi ya kuigiza tu, kwa hiyo prosesa ndo inabeba mzigo wote. Unaweka video fupi ya dera moja, unaenda kula, unarudi bado inasaga. Dawa yake ni kuikabidhi kadi halisi kwa mashine pepe: Linux inaiachia, Windows inaishika moja kwa moja, na Linux yenyewe inabaki na grafiki ya ndani ya prosesa. Ikikubali, utafurahi. Shida ni pale inapogoma, maana hapo ndo watu wanaliwa hela.

Kuna dada anauza viatu mtandaoni, Windows ilimwandikia kosa 43 kwenye kadi. Fundi akamwambia kadi imeungua, atoe 250,000 atafutiwe nyingine. Kadi ilikuwa GTX 1050 Ti, nzima kabisa. Kilichotakiwa ni draiva mpya, ambayo ni ya bure.

Ilikuwa hivi. Kwa miaka mingi draiva za NVIDIA zilikuwa zinachunguza kama ziko ndani ya mashine pepe. Zikigundua hivyo na kadi ni GeForce, zinagoma kufanya kazi na Windows inaandika 43. Hapo hakuna kilichoungua. Mwaka 2021, kuanzia draiva namba 465, NVIDIA wenyewe waliondoa kizuizi hicho. Sasa unakuta fundi anatembea na flashi yenye draiva za miaka ya nyuma, anaweka hiyo hiyo kila mahali, ikiandika 43 anakwambia kadi imekufa. Kwa hiyo kwanza kabisa angalia namba ya draiva. Ikiwa chini ya 465, ifute, shusha mpya kwenye tovuti ya NVIDIA, washa upya.

Na kabla hujatoa hata mia, ipime kadi nje ya mashine pepe. Ichomeke kwenye kompyuta ya kawaida yenye Windows, weka draiva, cheza video. Ikicheza vizuri, kadi ni nzima na tatizo liko kwenye mipangilio. Kipimo hiki hakichukui hata saa nzima.

Kama draiva ni mpya na 43 bado ipo, kuna mambo mawili. La kwanza, ficha kwamba ni mashine pepe. Kwenye faili la mipangilio yake, sehemu ya features, ongeza <kvm><hidden state='on'/></kvm>. La pili watu wengi wanalisahau: kompyuta ikiwaka, kadi ipi inatoa picha ya kwanza? Kama ni hiyo unayotaka kuikabidhi, Linux inakuwa imeshaigusa kabla Windows haijaipata. Ingia BIOS, chagua grafiki ya ndani iwe ya kwanza, na monita ya Linux uichomeke kwenye mazabodi.

Hiyo ni 43. Wengine hamfiki hata huko, mashine pepe inakataa kuwaka mara tu unapoongeza kadi. Hapa kosa ninaloliona sana ni kuchanganya vitu viwili vya BIOS. VT-x (kwa AMD inaitwa SVM) inaruhusu mashine pepe kuwepo. VT-d (kwa AMD ni IOMMU) ndiyo inaruhusu kuikabidhi kadi. Mtu anawasha ya kwanza, anaona mashine pepe inawaka, anadhani kamaliza. Washa zote mbili. Kama prosesa ni Intel, ongeza intel_iommu=on kwenye mstari wa GRUB, kisha sudo update-grub, washa upya. Halafu andika ls /sys/kernel/iommu_groups. Ikileta namba nyingi, uko sawa. Isipoleta kitu, rudi BIOS, usiendelee mbele.

Hizo namba ni makundi ya vifaa. Kanuni ni kwamba vifaa vilivyo kundi moja vinaenda pamoja. Kama kadi yako imewekwa kundi moja na kifaa cha intaneti ya waya, huwezi kutoa kadi ukabaki na intaneti. Jaribu kuhamisha kadi kwenda sloti ya juu kabisa, ile ndefu, kwa sababu mara nyingi ndiyo inaunganishwa moja kwa moja na prosesa na kundi lake linakuwa dogo. Utasikia kuna kiraka cha kulazimisha makundi yatengane. Kipo kweli, ila kinapunguza ulinzi kati ya mashine pepe na kompyuta yenyewe, na kompyuta hiyo ndiyo ina majina na namba za wateja wako. Mimi siweki.

Kisha hakikisha Linux imeiachia kadi kweli. Andika lspci -nnk, tafuta jina la kadi. Chini yake kwenye driver in use inatakiwa iandikwe vfio-pci. Ukiona nouveau, nvidia au amdgpu, bado Linux imeing'ang'ania. Kumbuka pia kadi ina vifaa viwili ndani yake, picha na sauti ya HDMI, kila kimoja na namba zake. GTX 1050 Ti kwa mfano ni 10de:1c82 kwa picha na 10de:0fb9 kwa sauti. Ziweke zote mbili kwenye vfio-pci.ids, na zote mbili uziongeze kwenye mashine pepe. Ukipeleka picha peke yake, makundi yatakukatalia.

Skrini nyeusi? Kwanza angalia kebo, usicheke. Picha ya Windows inatokea nyuma ya kadi, sio kwenye dirisha la Linux. Pili, mashine pepe iwe imetengenezwa kwa UEFI toka mwanzo. Kadi za zamani sana kama GT 430 ziachane nazo, haziendani vizuri na UEFI na draiva zake ziliishia 391.

Wenye kadi za AMD kama RX 580 au RX 5700 mna tatizo lenu: mara ya kwanza inawaka vizuri, ukizima mashine pepe na kuiwasha tena inagoma mpaka uzime kompyuta nzima. Kadi haijafa, inashindwa kujirudisha mwanzo. Kuna moduli inaitwa vendor-reset inasaidia kwa baadhi ya hizo kadi.

Kwa anayetaka kununua kompyuta ya mtumba kwa kazi hii, soma namba ya prosesa kabla ya kulipa. Intel yenye herufi F mwishoni, kama i5-10400F, haina grafiki ya ndani, kwa hiyo ukitoa kadi Linux inabaki kipofu. i7-3770K haina VT-d ila i7-3770 ya kawaida inayo, na muuzaji atakuuzia hiyo ya K kwa bei zaidi. i3-3220 nayo haina, i5-3470 inayo. RAM usishuke chini ya GB 16, kwa sababu ukikabidhi kadi, RAM yote uliyoipa Windows inafungwa toka inapowaka, Linux haiwezi kuazima hata kidogo. Kwenye GB 8 utapata oda zinazokwama na video inayokwama. Laptop sikushauri, nyingi skrini yake imeunganishwa na grafiki ya ndani tu.

Ukikwama, niwekee hapo chini picha ya majibu ya lspci -nnk, aina ya mazabodi na namba ya draiva. Ukiandika tu "inagoma" sitaweza kukusaidia.