Mapigo ya Muziki: Kufundisha Pasipo Ngoma

Mwalimu wa shule ya msingi asiye na ngoma wala kinanda hushawishika kukiacha kipindi cha muziki kipite bure. Hasara yake si ndogo, maana mtoto asiyezoezwa mapema kushika mapigo husumbuka baadaye kuimba na wenzake. Wala hasara hiyo haina lazima. Katika nchi ya Kajiado Wamaasai wameimba tangu kale bila ngoma: olaranyani huanza wimbo, wenziwe humwitikia kwa sauti nzito za kooni, na morani huruka wakifuata mapigo hayo. Mwili wenyewe ndio ngoma.

Basi mwalimu na aanze na miguu. Watoto wakanyage mahali pamoja, kushoto, kulia, hatua nne nne, mpaka wote wawe kama mtu mmoja. Kila hatua ni pigo moja.

Pili, wapewe majina. Taa ni sauti moja katika pigo moja. Ta-te ni sauti mbili fupi, zilizo sawa, katika pigo moja. Taa-aa hushika mapigo mawili. Saa ni pigo la kimya. Majina ya namna hii yalitokana na kazi ya Mfaransa Aimé Paris, aliyefariki mwaka 1866, na Mwingereza John Curwen akayatumia katika mafundisho yake ya kuimba.

Tatu, mapigo yatiwe katika maneno yanayojulikana. Barabara iendayo Namanga yatosha. Wakipiga makofi, waseme Ki-te-nge-la: ta-te, taa, taa, saa. Kisha I-si-nya: taa, taa, taa, saa. Wakifika Ka-ji-a-do, watagundua wenyewe kwamba mapigo yake ni yale yale ya Kitengela. Hapo wamesikia, hawakukariri. Tena darasani Kitengela, ambako watoto wa makabila mengi huketi pamoja, majina hayo ni ya wote.

Yafaa kuiangalia sana saa. Watoto huikimbilia sauti ifuatayo kabla kimya hakijaisha. Dawa yake ni kufungua viganja bila kupiga, miguu ikiendelea kukanyaga.

Alama za kuandika zije mwisho. Mtoto aliyekwisha kuisikia ta-te mikononi na miguuni, akiiona ubaoni ataitambua mara moja. Lakini aliyeanzishiwa alama huchora asichokijua.