Unaenda Kukempi Baridi Hii? Beba Mshumaa kwa Kandili, Wacha Jiko Nje ya Tenti

Manze, Julai imefika na grupu ya WhatsApp imeanza kuchemka. Mtu ashakopa tenti kwa kazini yake, mwingine anauliza nani atabeba nyama. Kuna swali moja tu lenye hakuna mtu anajibu: usiku tutafanyaje na baridi?

Wacha nikuambie vile sisi tulilijibu, na vile karibu tusirudi mtaa.

Tulikuwa wasee watano, pande za Kinangop. Huko ni zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Nairobi yenyewe iko kama mita 1,800, na kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kama nyuzi 6 hivi. Sisi hatukuwa na hiyo hesabu. Tulikuwa tumevaa hudi za mtaani tu, na kufika saa nne usiku meno ilikuwa inapiga ngoma. Beshte yangu mmoja akachukua jiko lenye tulikuwa tumechomea nyama, makaa imebaki ile nyekundu isiyo na moshi, akaliingiza kwa tenti, akafunga zipu.

Joto ilikuja tamu sana. Baada ya muda kichwa ikaanza kunigonga. Mwingine akasema anaskia kutapika. Wote wakakubaliana ni zile chupa za jioni zinalipiza. Shida ni moja: mimi sikuwa nimeonja hata tone.

Kenye kilituokoa ni shosho mwenye shamba. Alikuja kuangalia kama tumezima moto, akaona tenti imefungwa na mwanga mwekundu ndani. Akafungua zipu mwenyewe.

"Nyinyi watoto, mnataka kuamka kesho ama hamtaki?"

"Shosho, ni baridi tu," beshte akajitetea.

"Baridi mnaiskia. Hii ingine hamuiskii."

Jiko likatoka, na sisi tukatoka nalo. Akarudi kwake, akatuletea kandili ya kioo yenye mshumaa ndani, akaitundika kwa tawi la mti mbele ya tenti. Tukakaa hapo tumejifunika blanketi hadi vichwa zikatulia. Tangu hiyo siku siendi kukempi bila kandili. Lakini lazima ujue inafanya nini na haifanyi nini, juu wasee wengi huchanganya.

Kandili inafanyaje kazi

Neno lenyewe ni la zamani. Lilifika kwa Kiswahili kupitia Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule wa jina la mshumaa kwa Kilatini. Kitu yenyewe ni simpo: mshumaa ndani, kioo kuuzunguka, matundu chini na matundu juu. Hewa moto inapanda na kutokea juu, ile baridi inavutwa ndani kupitia chini. Ndio maana moto husimama wima hata upepo wa Ngong ukivuma, na moshi huwa kidogo.

Zile za kukempi zinauzwa na maduka ya vifaa vya mlima huwa na bomba la chuma lenye springi. Mshumaa unaingia humo, na vile unaisha springi inausukuma juu, kwa hivyo moto unabaki pale pale katikati ya kioo. Mshumaa mmoja mnene wa aina hiyo huenda kama saa 9. Vile vidogo vya kwa mkebe bapa huenda kama saa 4.

Huna doo? Chukua chupa ya jemu yenye mdomo mpana, weka mchanga chini kama vidole viwili, simamisha mshumaa mfupi, funga waya shingoni uwe mshikio. Ama tumia mkebe wa maziwa: ujaze maji, uweke kwa friza hadi igande, halafu utoboe matundu kwa msumari. Barafu inazuia mkebe usibonyee. Hiyo ya mkebe itakusaidia hata kejani siku stima imepotea na pawabenki imekufa.

Sasa tuongee joto, bila kudanganyana

Niliacha chuo kabla nimalize, lakini hii hesabu haihitaji digrii. Mshumaa mmoja hutoa joto ya kama wati 70 hadi 80. Hita ya umeme huwa na wati 1,000 hadi 2,000. Na wewe mwenyewe, ukiwa umekaa tu bila kufanya kitu, mwili wako unatoa kama wati 100.

Umeshika? Mshumaa ni kama kuongeza msee mmoja kwa mbogi, tena mwembamba. Utapasha vidole, utaskia raha. Lakini ukizima, hiyo joto inapotea na upepo saa hiyo hiyo. Hakuna mshumaa utakulinda hadi asubuhi.

Mwanga pia ni mdogo, chini ya tochi ya simu. Lakini ni mwanga laini wa rangi ya asali, hauchomi macho, na hauli chaji. Watu wakikaa kuuzunguka, simu zinawekwa chini na stori zinaanza. Hiyo ndio kazi yake kubwa.

Iweke wapi

Nje. Itundike kwa mti, kwa kamba ya turubai yenye iko juu sana, ama uiweke juu ya jiwe bapa mbele ya mlango, mbali na kitambaa. Lebo za tenti nyingi zinakataza moto ndani, na kuna sababu. Tenti nyingi ni nailoni ama poliesta. Hiyo kitu haichomeki kama karatasi. Inayeyuka, inadondoka ikiwa moto, na inashika kwa ngozi. Hewa ya juu ya kandili ndio moto kuliko ya kando, kwa hivyo kuitundika karibu na dari ya tenti ni kujitafutia.

Sheria zingine ni fupi. Usiiwashe ukiwa umelewa. Usiisogeze kabla kioo kipoe. Usimwage maji baridi juu ya kioo cha moto, kitapasuka. Na kabla uingie kulala, zima. Ukihitaji kuona ndani ya tenti, hapo tumia tochi ya kuvaa kichwani.

Kwa nini jiko ni kesi ingine

Makaa ikichomeka bila hewa ya kutosha hutoa gesi inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ukiivuta inaingia kwa damu na kushikilia ile nafasi ya oksijeni, na inashikilia kwa nguvu zaidi ya mara 200. Moyo unapiga, unapumua kama kawaida, lakini mwili unakosa hewa.

Dalili ndio mtego: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Kwa ufupi, unadhani ni hango ama uchovu wa safari. Unalala, na hapo ndio inaishia. Kukosekana kwa moshi hakumaanishi usalama. Makaa yenye imepiga majivu bado inatoa. Kuacha kadirisha wazi hakutoshi. Hii si ya kempi pekee, ni ya bedsita pia: kila msimu wa baridi unaskia familia imepatikana asubuhi na jiko liko katikati ya nyumba.

Mkiskia hizo dalili na kuna moto ndani, tokeni wote nje kwanza. Maswali baadaye. Mwenye amelemewa mburute kwa hewa safi, piga 999 ama 112, na afikishwe hospitali hata kama anasema ako sawa.

Joto ya kulala inatoka wapi basi

Inatoka kwako. Kazi yako ni kuizuia isitoroke. Ardhi ndio mwizi wa kwanza, kwa hivyo tandika godoro la kukunja, na kama huna, maboksi ya supamaketi yaliyofunguliwa, safu mbili tatu. Badilisha soksi na vesti kabla ulale, juu zile za mchana ziko na jasho hata kama huioni. Vaa kofia. Kula kitu nzito usiku, githeri ama chapo, mwili upate cha kuchoma. Chemsha maji, jaza chupa ngumu yenye haivuji, ivalishe soksi, iweke miguuni ndani ya mfuko wa kulalia. Hiyo chupa moja inashinda mshumaa wowote, na haina gesi.

Na kojoa kabla uingie. Kutoka saa tisa usiku kwa hiyo baridi ni adhabu.

Kwa hivyo mkipanga wikendi hii, weka kwa listi: kandili moja, mishumaa miwili, kiberiti ndani ya plastiki, maboksi, chupa ya maji moto. Jiko lichome nyama, lichemshe chai, halafu libaki nje na majivu yake hadi asubuhi. Tuma hii kwa ile grupu yenu, haswa kwa yule msee mwenye hupenda kusema "tutawasha tu makaa kiasi."