Pango la Elgon: tembo wanafuata chumvi, popo wanabeba Marburg

Watalii wanaofika kwenye Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda, wanatafuta hasa vitu viwili: miti mikubwa na mapango. Upande wa Kenya, mbuga ya taifa iliyoanzishwa mwaka wa 1968 ina mierezi, mipodo na teki ya Elgon, mti wa jamii ya mzeituni. Mingine inapita meta 25 kwa urefu.

Njia ya msituni inafika hadi Kitum, pango lililoingia ndani ya mlima karibu meta 200. Tembo huingia humo usiku, wakipapasa njia kwa mkonga katika giza. Wakifika ukutani, wanavunja jiwe kwa pembe zao, wanalitafuna na kumeza chumvi iliyomo. Alama za pembe zinaonekana wazi ukutani. Nyati nao huja kulamba chumvi hiyo.

Lakini pango hilo linajulikana pia kwa ugonjwa. Mwaka wa 1980, Mfaransa mmoja aliyekuwa ametembelea Kitum aliuawa na homa ya Marburg, ugonjwa wa jamii moja na Ebola. Mwaka wa 1987, kijana Mdenmark wa miaka 15 alifariki vilevile. Watafiti walitafuta chanzo ndani ya pango kwa muda mrefu. Hatimaye, kirusi kilipatikana katika popo wala-matunda waliokamatwa humo mwaka wa 2007.

Wakaaji wa mashariki mwa Congo wanaufahamu ugonjwa huo. Kati ya mwaka wa 1998 na 2000, watu 154 waliugua Marburg huko Durba na Watsa, katika jimbo ambalo leo ni Haut-Uélé, na 128 kati yao wakafa. Wengi wa wagonjwa walikuwa vijana wachimba zahabu, waliokuwa wakishuka katika mgodi wa Goroumbwa, wenye popo wengi. Maambukizi yalikoma baada ya maji kuujaza mgodi huo.

Kuua popo si suluhisho. Katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, popo waliangamizwa baada ya wachimbaji kuugua mwaka wa 2007. Miaka michache baadaye popo wengine walirudi, na watafiti wakakuta wenye kirusi wameongezeka zaidi ya mara mbili.

Kwa hiyo, anayetaka kuona miti na alama za tembo anaweza kwenda, ila aongozane na mlinzi wa mbuga na asikae pangoni muda mrefu. Asiguse popo wala mavi yao, asile chakula humo ndani, na anawe mikono akitoka. Akipata homa kali ndani ya wiki tatu, aende hospitali haraka na amwambie daktari kwamba aliingia pangoni. Mchimba zahabu naye afanye hivyo hivyo: pango la watalii na shimo la zahabu vinaweza kuwa na popo wa aina moja.