Vifo Visivyoingia Daftarini

Ramadhani ya 1441, Mei 2020, hesabu rasmi ya UVIKO-19 nchini Tanzania ilikomea wagonjwa 509 na vifo 21, nasi tuliendelea kuzika. Wataalamu hupima uzito wa janga kwa njia nyingine: huchukua vifo vyote vya mwaka, wakaondoa idadi iliyotarajiwa kwa kutazama miaka iliyotangulia. Ziada hiyo huwajumuisha hata waliokosa tiba ya maradhi mengine. Ndivyo Shirika la Afya Duniani lilivyokadiria vifo milioni 14.9 ulimwenguni kwa 2020 na 2021, ilhali vilivyotangazwa vilikuwa milioni 5.4 tu. Lakini hesabu hii yataka daftari, na maiti wetu wengi huzikwa siku ile ile bila kuandikishwa kokote. Tunaziomba familia, mkishazika, nendeni kwa msajili wa vifo wilayani.