Myuko wa Hewa katika Mabani ya Kukaushia Tumbaku ya Moshi, Songea

Joto husafiri kwa njia tatu: mpitisho, myuko na mnunurisho. Katika myuko, giligili, yaani kimiminika au gesi, huhama yenyewe na kubeba joto. Makala haya yanafafanua dhana hiyo kwa kutumia bani la kukaushia tumbaku ya moshi, zao la muda mrefu la wakulima wa Songea na Namtumbo.

Ndani ya bani, moto wa kuni huwashwa sakafuni na majani huning'inizwa juu yake. Hewa iliyo karibu na moto hutanuka na msongamano wake hupungua. Hewa inayopashwa kutoka nyuzi 27 hadi 57 za Selsiasi, kanieneo isipobadilika, hupoteza takribani sehemu moja ya kumi na moja ya msongamano wake. Tofauti hiyo, ingawa ni ndogo, hutosha kuanzisha mzunguko: hewa baridi, iliyo nzito zaidi, huingia chini na kuisukuma ile nyepesi juu. Hewa moto hupita kati ya majani, huyapa joto, huchukua mvuke wa maji na kutoka kupitia matundu ya juu.

Hata hivyo, maji yanapogeuka kuwa mvuke hunyonya joto, hivyo hewa hupoa na msukumo wake hudhoofika. Matundu yakizibwa, hewa hujaa mvuke na ukaushaji hukwama hata moto ukiwa mkali. Yakiachwa wazi kupita kiasi, joto hupotea kabla ya kufanya kazi. Vilevile, majani yakisongamana mno, hewa hufuata upenyo ulio rahisi kandokando ya kuta, na majani ya katikati hubaki mabichi.

Mwinuko nao una athari. Mji wa Songea uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa takribani moja ya kumi ikilinganishwa na pwani. Kwa hiyo, kila mita ya ujazo ya hewa hubeba joto pungufu.

Inabainika, basi, kwamba kuongeza kuni si suluhisho la bani lenye mzunguko hafifu. Huongeza tu mzigo kwa misitu ya miombo. Tathmini ya bani inayopima halijoto pekee haikamiliki. Sharti ipime pia kasi ya hewa na unyevu wake, inapoingia na inapotoka.