Mlinzi Asilale Ghalani



Mwezi wa Julai mwaka jana nilipanda Usangi kwa msiba. Anayeifahamu milima ya Upare anaijua Julai ya huko: ukungu unashuka jioni mapema, na ikifika saa moja usiku hakuna anayetaka kuondoka jikoni. Nikiwa natoka matangani nilipita kando ya ghala moja la mazao, nikamkuta mlinzi wake, mzee wa miaka sitini na ushei, akipepea jiko la mkaa mlangoni. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu." Nikamwuliza usiku ule wa baridi analala wapi. Akanionyesha kwa kidole: ndani, katikati ya malundo ya magunia. "Humu kuna joto," akasema. "Jiko likishakolea naliingiza, nafunga mlango."

Nikamwuliza mle ndani kuna nini. Mahindi na maharage, akajibu, mali ya mfanyabiashara. Na juzi walikuja vijana wakatia dawa. Dawa gani, mzee? "Vidonge vile."

Mzee yule tulimchukua usiku ule ule, akalala matangani pamoja na waombolezaji. Mwenye ghala sikumkuta. Lakini maneno yale mawili, "vidonge vile", nimekaa nayo tangu siku ile, maana nimeyasikia pia Same mjini, Mwanga, na hata hapa Dar es Salaam katika stoo za wachuuzi wa nafaka, na kila mara yametamkwa kama vile mtu anavyotaja vidonge vya kichwa.

Vidonge hivyo viliingia maghalani mwetu kwa sababu ya mdudu. Zamani mahindi yalikaa darini, juu ya moshi wa jiko, na wadudu wa siku zile walivumilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaonekana mkoani Tabora mdudu mpya mwenye asili ya Amerika ya Kati, dumuzi, ambaye watu walimbandika jina la Scania kwa jinsi anavyosaga. Dumuzi anaweza kuligeuza gunia la mahindi kuwa vumbi. Basi dawa za kila namna zikawa mali ya lazima, za unga na za kufukiza. Simlaumu mfanyabiashara kwa kutia dawa. Namlaumu kwa kumwacha mtu ndani.

Kidonge chenyewe ni chumvi ya madini, aluminiamu fosfaidi. Ndani ya kopo lililofungwa kimetulia. Ukikitoa, unyevu wa hewa unaanza kukila, nacho kinatoa gesi iitwayo fosfini. Kidonge cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya gesi. Gesi hiyo hupenya katikati ya magunia mpaka ndani ya punje, ikamwua mdudu na mayai yake. Ndiyo sifa yake, na ndiyo hatari yake, kwani haichagui pumzi ya dumuzi na pumzi ya binadamu. Kiwango ambacho wataalamu wanakubali mfanyakazi avute kwa siku nzima ya kazi hakifiki hata sehemu moja katika sehemu milioni moja za hewa. Wako wanaosema, "Tutaisikia harufu." Ni kweli mara nyingi hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini harufu hiyo si ya kutegemea, unaweza usiisikie nawe umekwisha kudhurika. Kitambaa puani hakizuii gesi. Aliyeivuta huumwa kichwa, hutapika, kifua humbana, na jamaa zake wakadhani ni malaria au chakula kibaya. Hospitali watamsaidia kupumua na kuushikilia moyo wake, lakini dawa maalumu ya kuivunja nguvu sumu hiyo haipo.

Sasa kuna jambo ambalo watu wa milimani hawaambiwi. Kidonge hufanya kazi polepole penye baridi. Fundi aliyezoea joto la tambarare, la Same au Hedaru, akihesabu siku zake zile zile na kufungua ghala la Usangi mwezi wa Julai, huenda akakuta vidonge vingine bado vinatoa gesi. Karatasi inayokuja na kopo huongeza siku kadiri baridi inavyoongezeka. Ni wangapi wanaoisoma? Wengi wanauziwa vidonge vya kuhesabu mkononi, bila kopo wala karatasi.

Na lile jiko? Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni muuaji wa pili, tena yeye hana harufu kabisa. Hewa ya mkaa humchukua mtu usingizini. Juu ya hapo, fosfini yenyewe huweza kushika moto ikijaa mahali pamoja, na vidonge vikimwagiwa maji hulipuka. Magunia ya katani yako pale pale yanangoja.

Kazi hii ina wenyewe. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao yake Arusha, na ufukizaji ni kazi ya watu wanaotambuliwa nayo. Fundi wa kweli hufunika lundo kwa turubai, akalizungushia mifuko ya mchanga pembeni ili gesi isivuje. Hubandika mlangoni alama ya hatari na tarehe. Siku ya kufungua, milango na madirisha ya pande mbili huachwa wazi upepo upite, na gesi hupimwa kwa chombo kabla mtu hajaingia. Mlinzi muda wote huo yuko nje.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa dawa iliyotunzwa ovyo. Mwaka 1986 huko Vikuge, Kibaha, yalipelekwa mashehena ya viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki, yapata tani 170, baadhi muda wake ukiwa umepita. Vikawekwa bandani, banda likaanguka, na miaka mingi baadaye wapimaji walikuwa bado wanakuta DDT katika udongo.

Niseme kidogo pia juu ya wapagazi, ingawa wao wanastahili wiki yao. Tunapoizungumza lumbesa tunamlilia mkulima aliyepunjwa, na ni haki. Lakini gunia lile lenye kilemba, linalopita kilo 100, hupandishwa lorini na mgongo wa kijana mmoja juu ya ubao wa kuyumba. Shirika la Kazi Duniani mwaka 1967 lilipendekeza mwanamume mzima asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Gunia la kahawa safi linalosafirishwa nje ni kilo 60, na hata hilo limezidi. Ndani ya ghala magunia yapangwe juu ya chaga, yapishane kama matofali, pabaki njia ya kupita kati ya lundo na ukuta. Anayechomoa gunia la chini ili asipande juu anaangusha lundo zima, na hukaa upande lianguliako.

Sheria ipo. Ile ya viwanda ya mwaka 1950 iliangalia viwanda. Ya sasa, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inaangalia mahali pa kazi pote, na ghala ni mahali pa kazi. Wakala wake, OSHA, ana mamlaka ya kukagua. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015, ambao mchango wake hutolewa na mwajiri, si mfanyakazi. Tatizo ni pale unapouliza mwajiri ni nani. Nilimwuliza mzee wetu. Mwenye jengo, alisema, anadai mlinzi ni wa mwenye mahindi, kwa kuwa ndiye anayempa posho. Mwenye mahindi anasema yeye amepanga ghala na mlinzi wake, kama mtu anavyopanga nyumba na mlango wake. Siku mzee anapoanguka mle ndani, ndugu, kila mmoja wao atakuja na ubani.

Nimepita tena Usangi mwezi wa Machi mwaka huu. Pembeni mwa ghala lile kuna kibanda kipya, miti na mabati manne, na mzee amekaa mlangoni kwake akiwa amejitanda blanketi. Majirani walimjengea kwa msaragambo, siku moja ikatosha. Mwenye ghala, nikaambiwa, alitoa misumari.